Birmingham na historia ya mbwa chotara

Mtaa wa Winson Green, magharibi mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, unafahamika zaidi kwa gereza lake lililofunguliwa mwaka 1849. Mwaka uliofuata ilifunguliwa hapo hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwaka 1852 nyumba ya kuwafanyisha kazi maskini. Katika enzi hiyohiyo ya viwanda, moshi na panya, mfanyabiashara wa mbwa wa jijini humo, James Hinks, alikuwa akipandisha madume na majike yake kwa subira, akitafuta mbwa ambaye bado hajawahi kuonekana.

Hinks hakuanza bila mtaji. Soko kuu la Birmingham huitwa Bull Ring hadi leo, jina linalokumbusha mchezo wa kumfunga fahali na kumwachia mbwa. Mbwa wa kazi hiyo alikuwa buldogi, mzito, mwenye taya zisizoachia. Sheria ya mwaka 1835 iliupiga marufuku mchezo huo, lakini wapenzi wake walihamia vichochoroni na katika vilabu vya pombe. Huko walipambanisha mbwa kwa mbwa, au waliweka dau kuhusu mbwa atakayeua panya wengi zaidi kwa dakika chache. Kazi mpya ilidai mnyama mwepesi, na hivyo buldogi akapandishwa na teria, mbwa mdogo wa kuwinda wanyama wa mashimoni.

Watoto wao walirithi ukakamavu wa mzazi mmoja na kasi ya mwingine. Kulikuwa na sharti la tatu pia. Ulingoni, mmiliki alilazimika kumwinua mbwa wake aliyejeruhiwa kwa mikono mitupu, na wafugaji husimulia kwamba aliyemwuma binadamu hakuachwa azae. Kwa maelezo yao, ndiyo asili ya upole kwa watu wa Staffordshire Bull Terrier, mbwa aliyetambuliwa rasmi mwaka 1935 baada ya wapenzi wake kukutana Cradley Heath, mji wa wafua minyororo magharibi ya Birmingham. Ajabu ni kwamba upole huo unadaiwa kutoka katika mchezo wa kikatili kabisa.

Hinks alitaka pia uzuri. Alichanganya chotara hao na teria weupe wa Kiingereza na, inavyosemekana, Dalmatian, akapata Bull Terrier mweupe aliyeonyeshwa hadharani mwaka 1862. Waliomdhihaki walisema amefuga pambo. Simulizi ya wafugaji inadai kwamba alimwingiza jike wake, Puss, ulingoni kwa dau la pauni 5 na kreti ya shampeni, akashinda na kurudi kwenye maonyesho siku hiyohiyo. Weupe huo, hata hivyo, ulikuja na gharama: uziwi, ambao baadaye wafugaji waliupunguza kwa kurudisha damu ya mbwa wenye rangi.

Walinzi wa mashamba ya uwindaji nao walichanganya buldogi na mastifu, wakapata Bullmastiff, aliyetambuliwa mwaka 1924. Huyo alitakiwa kumwangusha jangili usiku na kumshikilia bila kumrarua. Ni kazi ngumu kuliko kuuma.

Wafugaji hao wote waliujua mwili wa mbwa kuwa nusu tu ya kazi yao. Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991 ilichagua njia nyingine: ilizuia aina nne, ikiwemo Pit Bull Terrier, na mbwa anayeshukiwa huamuliwa kwa umbo lake, si kwa majina ya wazazi wake.

Septemba 2023, huko Bordesley Green, mtaa mwingine wa Birmingham, mbwa aliyeelezwa kuwa chotara wa American Bully XL na Staffordshire Bull Terrier alimjeruhi msichana wa miaka 11 na wanaume waliojaribu kumwokoa. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Rishi Sunak alitangaza kwamba XL Bully atapigwa marufuku. Tangu Februari 1, 2024, ni kosa katika Uingereza na Wales kummiliki bila cheti maalumu.

Hivyo mbwa anayetembezwa Winson Green, akishukiwa, hupimwa kwanza kwa utepe kutoka ardhini hadi mabegani: sentimita 51 kwa dume, 48 kwa jike. Kisha hutazamwa kichwa, pua na kifua. Swali la iwapo amewahi kumwuma mtu halimo katika orodha hiyo.