Neno "Kiasi" katika Historia ya Bunduki

Katika kamusi za kale za Kiswahili neno kiasi lina maana mbili: kadiri ya kitu, na tena baruti na risasi za mpigo mmoja wa bunduki. Tukiangalia vema, maana hizi ni moja. Kila mtambo wa bunduki una kadiri yake ya nguvu, nao ukizidishiwa huvunjika.

Bunduki za kwanza kuenea bara zilikuwa gumegume, kisha gobori la fataki. Mwenyewe hupima baruti kwa mkono, huishindilia kwa mdeki, hutia risasi au marisau. Hapo kiasi hutegemea akili ya mpigaji peke yake. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliruhusu, tena kwa masharti, bunduki za gumegume na baruti ya kawaida tu; zile za kisasa wenyeji walizuiliwa.

Walakini Wahehe walizipata kwa vita. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, watu wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Emil von Zelewski, wakatwaa bunduki zipatazo 300. Mauser ya 1871, bunduki ya askari wa siku zile, ilitumia kiasi cha ganda la shaba, cha milimita 11, kilichopimwa tayari kiwandani. Basi aliyetwaa bunduki ilimpasa kutwaa na viasi vyake, kwa kuwa baruti ya kumimina haikumfaa tena.

Komeo la Mauser hiyo lilishikwa mahali pamoja tu, penye shina la mkono wake. Kwa baruti nyeusi lilitosha. Lakini mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuipita ile ya kale. Kwa hiyo komeo la Mauser ya 1898 lilipewa meno mawili mbele, na la tatu nyuma liwe akiba. Kiasi chake kilikuwa chembamba, kama milimita 8, na nguvu yake ilizidi.

Hata hivyo, mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado na bunduki za 1871, na moshi wake uliwafichua kwa adui. Kuzitia baruti mpya tu haikuwa dawa, maana mtambo haukuumbwa kwa nguvu ile. Dawa ilikuwa kubadili bunduki. Nyingine zilitekwa Tanga Novemba 1914. Nyingine, za 1898, zililetwa na meli Rubens Aprili 1915.

Jambo hili halijapita, kwa sababu magobori yangali mikononi mwa wawindaji vijijini. Mtu akifungua kiasi cha kisasa na kumimina unga wake katika gobori, akiupima kama baruti nyeusi, aweza kupasua kasiba na kupoteza jicho au vidole. Unga ni mchache machoni, lakini nguvu yake ni nyingi. Basi mwalimu afundishapo neno kiasi, yafaa asiiache maana yake ya pili.