Kikohozi Kwenye Kanda

Jioni ya tarehe 26 Aprili 1975, bendi ya Kiingereza Pink Floyd ilipiga muziki katika ukumbi wa Los Angeles Sports Arena, Marekani. Miongoni mwa maelfu ya watazamaji alikuwamo kijana mmoja aitwaye Mike Millard. Hakuwa mfanyakazi wa bendi wala wa kampuni ya santuri. Alikuwa shabiki tu, na aliingia na mashine ya kurekodia kaseti, Nakamichi 550, pamoja na maikrofoni zake, kwa kificho, kwa sababu kurekodi kulikatazwa. Wanaomkumbuka husimulia kwamba alikuwa na mbinu ya kuingia kumbini kwenye kiti cha magurudumu, ingawa miguu yake ilikuwa mizima, mashine ikiwa imefichwa humo kitini.

Kanda aliyotoka nayo usiku ule ilizunguka duniani miaka hamsini, ikinakiliwa mkono kwa mkono. Sababu si usafi wa sauti peke yake. Pink Floyd walikuwa wakipiga nyimbo ambazo zilikuwa bado hazijatoka. Albamu ya Wish You Were Here ilitoka Septemba mwaka ule. Nyimbo nyingine mbili walizopiga zilibadilishwa majina na kutoka mwaka 1977 katika albamu ya Animals. Kwenye kanda ya Millard nyimbo hizo bado ni mbichi, zinatafuta umbo lake. Millard alifariki mwaka 1994. Desemba 2025, albamu ilipotolewa upya kuadhimisha miaka 50, rekodi yake iliwekwa humo rasmi. Kilichokuwa kosa mlangoni kimekuwa urithi dukani.

Wakati Millard akibonyeza kitufe cha kurekodi, huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 27. Siku moja kabla, Tanzania ilikuwa imeadhimisha miaka 11 ya Muungano. Nachingwea, kwenye ardhi ambayo Waingereza waliifyeka kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa kambini. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Mei, Samora Machel angevuka Ruvuma na kuanza safari ya kwenda Maputo kupokea uhuru wa tarehe 25 Juni. Mji mdogo wa kusini ulikuwa katikati ya historia ya bara zima. Hotuba za namna hiyo zilipata wa kuzirekodi. Nani alirekodi dansi la Jumamosi?

Swali hili nisingelijali kama nisingerithi kanda.

Sisi Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, kwa desturi ya wazee, tunahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya wapwa zake. Mjomba wangu alipofariki Ruangwa, wanawe waligawana mikorosho, mimi nikaitiwa boksi la kadibodi. Ndani yake zilikuwamo kanda kumi na tisa na penseli moja. Msomaji aliyezaliwa zama za simu huenda asijue kazi ya penseli: redio ikila kanda, unaitoa utepe taratibu, unachomeka penseli kwenye tundu na kuuzungusha urudi ndani.

Kanda kumi na nane zilikuwa za kurekodi kutoka redioni. Hilo halikunishangaza. Bendi za Dar es Salaam kufika kusini miaka ile ilikuwa kazi. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake gari lilivuka kwa pantoni, na mvua za masika zikikolea, Lindi na Mtwara zilibaki kama kisiwa. Reli ya karanga iliyounganisha Nachingwea na pwani ilikuwa imefungwa tangu mwaka 1962. Kwa hiyo ukumbi mkubwa wa dansi wa watu wa kusini ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani 145,000 hivi, kiwango ambacho kingepita miaka mingi kabla ya kufikiwa tena, na fedha za misimu ile ndizo zilizomnunulia mjomba redio kaseti. Betri zikichoka alizianika juani ziamke kidogo.

Lakini muziki wa RTD ulikuwa na tabia yake. Bendi ilikwenda studio, Barabara ya Pugu, mashairi yakapitiwa kwanza, kisha wanamuziki wakapiga wote kwa pamoja, hakuna anayecheza mbele yao wala anayewatunza. Wimbo ukatoka safi na mfupi kiasi cha kutosha kipindi. Dansi lenyewe halikuwa hivyo. Ukumbini, wimbo ukifika kwenye chemko, gitaa la solo lingeweza kuzunguka mpaka wachezaji wachoke wao kwanza. Katika hili bendi zetu na bendi za roki ya progresivu za Ulaya zilifanana kuliko tunavyodhani: zote zilitengeneza nyimbo zenye sehemu mbili tatu, na zote ziliuacha wimbo urefuke mbele ya watu. Hata roki yenyewe tulikuwa nayo. Sunburst ya Dar es Salaam ilirekodi albamu ya Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976, na kampuni ya Strut ikaitoa upya mwaka 2016 pamoja na rekodi walizofanya redioni mwaka 1973. Ukisikiliza unafurahi, kisha unajiuliza: watazamaji wako wapi? Tumebakiwa na bendi, tumepoteza usiku.

Kanda ya kumi na tisa ni usiku wenyewe.

Ni kanda ya dakika 60. Karatasi yake ilikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, unyevu umeyafuta. Linasomeka neno moja tu, "Nachi". Nilichukua redio kaseti nzima, nikaunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, nikaomba Mungu, nikabonyeza. Kwanza kikohozi. Mtu amekohoa karibu kabisa na redio, pengine mjomba mwenyewe, kwa kuwa maikrofoni imo ndani ya redio na redio ilikuwa miguuni au mapajani mwake. Halafu watu wengi wanaongea kwa pamoja, viti vinaburutwa, jenereta inanguruma nje, na nyuma kabisa, kama mtu anayepiga hodi nyumba ya tatu, bendi.

Kama rekodi ya muziki, haifai. Besi haisikiki. Mwimbaji anameza maneno. Dakika ya ishirini na mbili umeme unayumba, gitaa linashuka sauti, watu wanaguna, kisha linapanda tena na ukumbi unalipuka kwa shangwe. Upande wa kwanza unakatika katikati ya chemko, na upande wa pili unapoanza ni wimbo mwingine. Sijaweza kuitambua bendi.

Nikaanza kuihoji kama mwanafunzi wa historia. Mwimbaji anatoa wimbo kwa "marehemu Mbaraka". Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa mpiga solo wa Morogoro Jazz na baadaye kiongozi wa Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Kwa hiyo kanda ni ya baada ya hapo. Katikati ya nyimbo kuna mlevi anayepaza sauti kwamba nduli kakimbia, na watu wanacheka. Nduli ndilo jina ambalo nchi nzima ilimpa Idi Amin wakati wa vita vya Kagera, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Basi tumesogea tena. Na kuna kitu kimoja kinachoweza kuwa cha Nachingwea tu: mtu anaita "Viva!" na kundi zima linaitikia "Viva!" bila kusita, kama watu waliolizoea jibu. Wapiganaji walikuwa wameondoka miaka kadhaa. Huenda ulikuwa mzaha, lakini hata mzaha hukaa mdomoni mwa watu kwa sababu fulani.

Mwisho wa kipindi hicho sikuupata kwenye kanda. Nilipewa na mama.

Nilimpigia kanda hiyo nyumbani nikitaka anitajie bendi. Alisikiliza kwa adabu wimbo wa kwanza, kisha akasema, "Punguza hilo gitaa, mwanangu." Nikamweleza kwamba haiwezekani, vyote vimo kwenye utepe mmoja. "Basi rudisha nyuma, pale walipokuwa wanaongea." Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya nne akanyoosha kidole kwenye kompyuta kana kwamba mtu amekaa pale. Mwanamke mmoja anacheka. Kicheko kirefu, kinaanza chini na kupanda, kinakatishwa na ngoma. Hakifiki sekunde sita.

Alikuwa rafiki yake. Walikwenda dansini pamoja usiku ule, wamevaa vitambaa vya kufanana, na mjomba ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Redio alibeba kwa sharti kwamba bibi asijue. Rafiki huyo alifariki kwa uzazi mwanzoni mwa 1980. Kwa hiyo dansi lilichezwa kati ya Aprili na Desemba 1979. Nilipata tarehe yangu kutoka kwenye kicheko, na niliona aibu kidogo kuiandika kwenye daftari mbele ya mama.

Hapo ndipo nilipoona tofauti yangu na wale wanaoitunza kanda ya Los Angeles. Wao huivumilia hadhira ili waipate bendi. Fundi akiweza kupunguza makofi na miluzi, atashukuriwa. Mimi nina kanda ambayo bendi ndiyo kelele, na hadhira ndiyo habari. Fomu yoyote ya kuhifadhi rekodi itaniuliza jina la bendi, jina la wimbo, mtunzi, mwaka. Naweza kujaza nafasi moja, tena nusu. Lakini ningeulizwa nani walikuwepo, mama amekwisha kunitajia watu saba, na wanne kati yao hawana hata picha.

Tumezoea kulalamika kwamba kusini hakuna kumbukumbu, kwamba historia yetu iko Dar es Salaam au London kwenye mafaili ya karanga. Sehemu ya lalamiko hilo ni kweli. Sehemu nyingine iko chini ya vitanda vyetu, kwenye maboksi, na inaharibika kwa unyevu. Kanda haisubiri. Kila mwaka utepe unaliwa kidogo, na kila mwaka anakufa mtu mmoja anayeweza kusema yule anayekohoa ni nani. La pili ndilo hasara kubwa zaidi. Waya wa kunakilia unauzwa dukani. Msikilizaji anayewajua waliokuwepo hauzwi. Kama una boksi la namna hii, usianze na kompyuta. Anza kwa kumketisha mama, shangazi au babu, na daftari liwe wazi.

Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa 1980 yu hai. Ni mwanamke, anaishi Ruangwa, ana wajukuu. Mama alisisitiza twende wote. Tulisalimiana, tukala, tukazungumza bei ya ufuta, na hakuna aliyekuwa na haraka. Kisha nikatoa simu. Nilikuwa nimekata kipande kile peke yake, kikohozi cha mjomba, mazungumzo, kicheko, ngoma.

Alisikiliza mara tatu bila kusema neno, simu ikiwa sikioni kama anayeongea na mtu wa mbali. Kisha akamgeukia mama.

"Shangazi, alikuwa anacheka nini?"

Mama alifikiri kwa muda mrefu. Akasema hakumbuki.