Bismarck na jiwe lake la Mwanza

Karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, mawe yamepandana ndani ya Ziwa Victoria, na la juu limekaa kihasarahasara kana kwamba likipigwa chafya litaporomoka. Muulize dereva yeyote wa bodaboda akupeleke kwenye Jiwe la Bismarck. Hatakuuliza Bismarck ni nani.

Mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Hata jina hakuwa nalo peke yake: ukoo wake ulipewa jina la Bismark, kimji cha Altmark, Ujerumani, ambacho hadi leo huandikwa bila ile "c". Otto von Bismarck, Kansela kuanzia 1871 hadi 1890, kwa miaka mingi aliyaona makoloni kuwa mzigo wa kula fedha. Lakini Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, chama cha ukoloni cha Mjerumani Carl Peters kilipewa hati ya ulinzi wa Kaiser juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ndivyo jina lilivyopata njia ya kutufikia.

Kwingine lilitumiwa kama chambo. Huko Dakota, Marekani, kulikuwa na mji mchanga ulioitwa Edwinton, kwa heshima ya mhandisi wa reli ya Northern Pacific. Mwaka 1873 ukabatizwa Bismarck ili matajiri wa Kijerumani wavutike kuweka fedha kwenye reli hiyo. Mwaka huohuo Jay Cooke, mfadhili wake mkuu, akafilisika! Jina likabaki, na leo ndio makao makuu ya jimbo la North Dakota.

Papua New Guinea nako kuna Visiwa vya Bismarck. Manowari ya jina hilo, iliyoshushwa majini Hamburg mwaka 1939 na kubatizwa na mjukuu wa kike wa Kansela huyo, ilizama Mei 27, 1941 pamoja na mabaharia zaidi ya 2,000.

Kwetu Tanzania kuna sehemu ya pili iliyowahi kubeba jina hilo, na hiyo wengi hawaijui. Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliiita Bismarckburg. Waingereza waliiteka mwaka 1916 na jina likaondoka na wenyewe, kama Wilhelmstal ilivyorudi kuwa Lushoto. Kasanga imebaki na magofu ya boma, kuta za mawe zinazotazama ziwa.