Fafi na Hagadera: Historia ya Daftari la Kura

Mwaka 1992 mambo mawili makubwa yaliikuta nyika moja ya Garissa. Kambi ya Hagadera ilifunguliwa kuwapokea Wasomali waliokimbia vita vilivyozuka baada ya Mohamed Siad Barre kung'olewa Mogadishu Januari 1991. Kisha tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru. Wenyeji wa Fafi walikuwa wakichagua mbunge huku pembeni mwao mji mzima ukiota kwa mahema na matawi ya miti, mji ambao wakazi wake hawangekuwa na kura hata siku moja.

Hagadera iko katika wadi ya Jarajila, eneo bunge la Fafi. Kambi mbili za jirani, Ifo na Dagahaley, ziko upande wa Dadaab, sehemu iliyokuwa chini ya eneo bunge la Lagdera hadi mipaka ilipochorwa upya. Watu husema Dadaab kwa jumla, wakasahau kwamba kambi hizo zimegawanyika kati ya wabunge wawili. Anayetaka kuijua historia ya uchaguzi wa Fafi kwa kufuata majina ya washindi tu ataimaliza kwa dakika chache. Historia yenyewe, kwa maoni yangu, imo katika swali la nani aliruhusiwa kuingia katika daftari la wapiga kura, na swali hilo lilikuwapo kabla ya kambi.

Wakoloni waliutenga mkoa wa kaskazini tangu mapema. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ruhusa, na siasa ya vyama ilichelewa kufika huko kuliko sehemu nyingine za Kenya. Uhuru ulipokaribia, Wasomali wengi wa huko walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, kusikiliza maoni ya wananchi. Tume iliona wazi kwamba Wasomali walio wengi walitaka kujitenga. Lakini Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba eneo lao litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Wasomali wakaususia uchaguzi wa Mei 1963, na viti vya mkoa huo mpya vikabaki wazi.

Kwa hiyo kura ya kwanza ya watu hawa ilikuwa kukataa kupiga kura. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa, tena wa watu waliokwisha kuulizwa wanataka nini na jibu lao likawekwa kando. Adhabu yake ilikuwa kali. Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, serikali ya Jomo Kenyatta ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta, waasi waliotaka kujiunga na Somalia, vilifuata, watu wakalazimishwa kuhamia vijiji vilivyolindwa na jeshi, mifugo ikapotea kwa maelfu. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 kati ya Kenya na Somalia, yaliyosimamiwa na Kenneth Kaunda wa Zambia, yalituliza mapigano. Sheria za hali ya hatari hazikuondoka. Zilidumu hadi 1991.

Wabunge walikuwapo katika miaka hiyo, wakichaguliwa chini ya chama cha KANU, na wengine walipanda juu: Hussein Maalim Mohamed wa Garissa aliingia katika baraza la mawaziri mwaka 1983. Lakini uwakilishi wa aina hii ulikuwa na kikomo chake. Mbunge alikaa Nairobi chini ya sheria za kawaida, ilhali wapiga kura wake waliishi chini ya sheria nyingine. Novemba 1980 vikosi vya usalama viliishambulia Garissa yenyewe, mtaa wa Bulla Kartasi ukachomwa. Mtu aliyepoteza nyumba yake huko alikuwa na mbunge, lakini hakuwa na mahali pa kushtaki.

Mwishoni mwa 1989 serikali ikaamuru Wasomali wote wa Kenya waliofikisha umri wa miaka 18 wapigwe msasa. Mtu alitakiwa kujitokeza mbele ya jopo, ataje ukoo wake, athibitishwe na wazee, kisha apewe kadi ya rangi ya waridi kama ushahidi kwamba ni Mkenya. Wakenya wa makabila mengine hawakuombwa kitu cha namna hiyo. Miaka miwili baadaye wakimbizi wakaanza kuvuka mpaka. Wanazungumza Kisomali kama wenyeji, ni Waislamu kama wenyeji, na wengi ni wa koo zile zile. Kwa afisa aliyekaa mezani, tofauti kati ya mwananchi na mkimbizi ilibaki kwenye karatasi, na karatasi hizo wenyeji walikuwa wamezipata juzi tu, tena kwa shida.

Kambi tatu za kwanza zilipangwa kwa watu 90,000. Ukame wa 2011 ulipoiunguza Somalia kusini, idadi ilipita 460,000, na Hagadera peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 100,000, wengi kuliko miji mingi ya Kenya yenye mameya na madiwani wake. Ukame ule ule uliwaua ng'ombe na mbuzi wa wafugaji wa Fafi. Ndani ya kambi kulikuwa na mgao wa chakula, maji ya visima, hospitali na shule. Nje ya ua wa miiba kulikuwa na Wakenya wasio na hata kimoja cha hivyo.

Wakafanya ambacho mzazi yeyote angefanya. Familia za wenyeji zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate kadi ya mgao, wengine tangu miaka ya 1990, wengine katika kila ukame uliofuata. Watoto waliandikishwa pamoja na wazazi, wakachukuliwa alama za vidole bila kujua zinakwenda wapi. Miaka ikapita. Kijana akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikasoma vidole vyake na kujibu kwamba yeye ni mkimbizi. Ombi likakataliwa. Bila kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kuajiriwa serikalini, na hawezi kuandikishwa kuwa mpiga kura. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni ya watu wapatao 40,000 katika hali hiyo.

Katika eneo lenye watu wachache kama Fafi, idadi ya namna hiyo ina uzito wa kubadilisha uchaguzi. Hapa kiti hakina mwenyewe. Aden Sugow alikuwa mbunge baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2013 kikaenda kwa Elias Bare Shill, mwaka 2017 kwa Abdikarim Osman Mohamed wa KANU, mwaka 2022 kwa Salah Yakub wa UDA. Mara tatu mfululizo aliyekuwa ameketi hakurudi bungeni kwa kiti hicho. Koo hukaa, wazee hujadiliana, mgombea hupewa baraka au kunyimwa, na chama huwa koti la kuvaliwa siku ya kura. Katika hesabu nyembamba kama hiyo, vijana walionyimwa vitambulisho wana haki ya kuuliza matokeo yangekuwaje kama wangekuwamo.

Serikali ilifanya zoezi la kuwachunguza watu hao Garissa mwaka 2019, na maelfu wakaonekana kuwa Wakenya. Kuwafuta katika kanzidata ya wakimbizi kukachukua miaka. Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, likalipeleka jambo hilo mahakamani. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada uliokuwa ukifanyiwa waombaji vitambulisho wa jamii za mpakani. Kati ya kadi ya waridi na tangazo hilo imepita miaka 35.

Ndani ya Hagadera nako kuna uchaguzi, na unastahili kutajwa. Wakimbizi huchagua viongozi wa bloku na wa sehemu, na juu yao mwenyekiti wa kambi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa kila ngazi. Viongozi hao husuluhisha ugomvi wa maji, huzungumza na mashirika, hupeleka malalamiko polisi. Kwa upande wa usawa wa wanawake, kambi iliitangulia Fafi yenyewe, ambayo wabunge wake wote niliowataja ni wanaume. Kuna watu waliozaliwa Hagadera wakawa watu wazima wenye watoto, wamemchagua mwenyekiti wa kambi mara kadhaa, na hawajawahi kumchagua diwani wala mbunge wa nchi yoyote. Hatupaswi kulizoea hilo.

Kuwapo kwa wakimbizi kuligusa pia mjadala wa ugawaji wa viti vya bunge. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa Agosti 2010, serikali iliyakataa yale ya wilaya nane za kaskazini, Lagdera ikiwamo, kwa hoja kwamba ongezeko la watu halikuaminika. Wabunge wa kaskazini walipinga vikali, kwa sababu Katiba mpya ilikuwa imeweka viti 290 na kuagiza vigawanywe kwa kuangalia idadi ya watu, wastani ukiwa kama watu 133,000 kwa kiti. Mipaka ilipochapishwa 2012, Garissa ilitoka viti vinne hadi sita. Dujis iligawanywa kuwa Garissa Mjini na Balambala, Lagdera ikazaa Dadaab, Ijara na Fafi zikabaki zilivyo. Fafi ikapewa wadi tano: Bura, Dekaharia, Jarajila, Fafi na Nanighi.

Tangu hapo kambi imetishiwa kufungwa mara kwa mara. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali iliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuifunga. Mwaka 2016 ikatangaza tena, na Februari 2017 Jaji John Mativo akaamua kwamba agizo hilo linavunja Katiba. Sasa lugha imegeuka. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi ziwe makazi ya kudumu yanayohudumia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, chini ya serikali za kaunti. Nauunga mkono, lakini hautoi kura kwa mkimbizi, na wenyeji wa Jarajila wana haki ya kujua bajeti ya wadi yao itawahudumia watu wangapi na kwa fedha za nani.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Muda wa kikatiba wa kuchora mipaka upya ulikwisha Machi 2024 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikiwa haina makamishna, na wapya waliapishwa Julai 2025. Kwa kijana wa Alinjugur, ndani ya Fafi, au wa Hagadera mjini ambaye jina lake limefutwa katika kanzidata ya wakimbizi, kazi ni ya hatua mbili: kwanza ofisi ya usajili wa watu, halafu ofisi ya tume.