Kipimo cha Boriti: Habari za Ujenzi wa Mawe katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Mtu aingiaye katika nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu, akapita daka la mlangoni, akavuka kiwanda, yaani ua wa ndani, akafika katika misana na ndani zilizofuatana moja nyuma ya nyingine, hukuta jambo ambalo macho huliona kabla ya akili kuliuliza: kuta ni nene, dari iko juu, zidaka zimenakshiwa kwa niru nyeupe kwa ustadi wa kustaajabisha, vyumba vinakwenda kwa urefu mpaka mwisho wa nyumba, lakini upana wake ni mdogo, tena ni mdogo kwa kiasi kile kile katika nyumba ya tajiri mwenye majahazi na katika nyumba ya jirani yake wa hali ya kati. Nilipata kusimama katika chumba kimoja cha namna hiyo nikanyosha mikono yangu miwili kama mtu apimaye nguo, na baada ya pima moja hapakubaki ila nusu ya pima na ukuta. Ni mita 2.5, au 2.8, na kufika mita 3 ni nadra. Tajiri yule hakukosa kiwanja wala fedha za kujenga chumba kipana zaidi, na jibu la mashaka yangu lilikuwa juu ya kichwa changu, limepangwa mstari kwa mstari kutoka ukuta hadi ukuta: boriti.

Boriti ni mti wa mikoko, na mikoko huota katika matope ya maji ya chumvi ya hori na visiwa vya mwambao, kutoka Lamu mpaka mlango wa Rufiji na kwendelea kusini. Wakataji wake wana majina kwa kila unene, kwa kuwa kila unene una kazi yake na bei yake: fito ndizo nyembamba kuliko zote, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Ni mti mgumu, mzito, ambao mchwa hawaupendi, na kwa sifa hizo ulisafirishwa kwa karne nyingi katika majahazi yaliyorudi na upepo wa kusi kwenda Arabuni na Ghuba, katika nchi zisizo na miti ya kuezekea. Hata katika nyumba za zamani za Kuwait chumba kilipata upana wake kutoka kwenye matope ya Afrika Mashariki. Bahari iliyo baina haikubadili hesabu, maana mti ni ule ule.

Na hesabu yenyewe yafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo mzizi wa elimu yote ya ujenzi. Mti uliolazwa juu ya kuta mbili ukabebeshwa mzigo hupinda, na upindapo, sehemu yake ya juu hubanwa na sehemu yake ya chini huvutwa. Mti mzuri hustahimili yote mawili, ilhali jiwe hustahimili kubanwa tu, na likivutwa hupasuka upesi. Tena upana ukizidi, taabu ya mti haizidi kwa kiasi kile kile: chumba kikiongezwa upana mara mbili, na kila hatua ya dari ikawa na uzito ule ule, nguvu ipindayo mti huzidi mara nne, na kulegea kwa mti huzidi mara kumi na sita. Nao uzito wa dari ya Kiswahili si mchezo. Juu ya boriti zilizosongamana hulazwa mabamba ya mawe ya matumbawe, na juu ya mabamba humwagwa kokoto na chokaa, hata unene wa shibiri moja na zaidi. Na dari ya unene wa sentimita 30 kwa namna hiyo hukaribia nusu tani kwa kila mita mraba. Mwashi wa Lamu hakuandika hesabu hiyo kwa tarakimu, lakini aliijua, akaitii, na utii huo ndio uliochora ramani ya mji mzima.

Mawe hayakuwapo tangu awali. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, ilionekana kwamba chini ya msikiti wa Ijumaa kuna misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo. Jiwe lilifuata baadaye, na lililotangulia ni tumbawe lililochongwa baharini. Jambo hili ni la ajabu na halisifiwi vya kutosha. Tumbawe linapotolewa majini li laini, hukatwa kwa shoka na kuchongwa kwa patasi karibu kama ubao, kisha likiachwa juani na kwenye upepo huwa gumu. Kwa hiyo fundi aliyetaka mihirabu yenye nakshi, au miimo ya mlango iliyonyoka sawasawa, aliitafuta kazi yake baharini wakati wa maji kupwa. Jiwe la ukuta ni jingine: ni mwamba wa kale wa matumbawe uliobaki nchi kavu bahari iliporudi nyuma, wenye matundu na ncha kali, usiochongeka vizuri lakini mwepesi na mwingi. Hilo la pili hutiwa ovyo ovyo katika ukuta na kufungwa kwa chokaa.

Chokaa nayo ni matumbawe yale yale yaliyopitia motoni. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe hupandishwa juu yake, na tanuu huwashwa ikawaka usiku kucha kwa moto ambao huhitaji kufika nyuzi 900 hivi za sentigredi. Moto huo hufukuza hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, hata kilo 100 za jiwe safi zikatoka kilo 56. Kilichobaki kina kiu kali: kikinyunyiziwa maji hutokota, hufoka mvuke, husambaratika kikawa unga mweupe, na unga huo ukikandwa na mchanga na kutiwa ukutani huanza, polepole mno, kuirudisha kutoka angani hewa ile ile iliyopotea motoni, mpaka umekuwa jiwe tena. Mafundi waliijua subira ya kitu hiki. Chokaa iliyolala muda mrefu chini ya maji ilipendwa kuliko iliyotoka tanuuni jana, na sakafu mpya haikuachwa ikauke yenyewe: watu walijipanga kwa mistari wakaipiga kwa vipande vya mbao, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, siku baada ya siku, mpaka maji yakapanda juu na matundu yakazibika. Sakafu iliyopigwa hivyo hubeba mvua ya masika isivuje. Laiti wajenzi wetu wa leo wangekumbuka kwamba wimbo ule ulikuwa sehemu ya kazi, maana bila mapigo ya pamoja sakafu hushikamana mahali na kuachana mahali.

Ama kuhusu kupima, jina lenyewe la mhandisi hutoa ushahidi. Limetoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Kwa hiyo mhandisi, kwa asili ya neno, ni mtu wa vipimo kabla ya kuwa mtu wa mawe. Mwashi wa mwambao alipima kwa viungo vyake: shibiri, dhiraa kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole, na pima ya mikono miwili iliyonyoshwa, alisimamisha ukuta kwa timazi na kunyosha msingi kwa kamba. Lakini kipimo kilichotangulia vyote katika msikiti kilikuwa cha kibla, na hapa Mwenyezi Mungu aliwafanyia watu wa mwambao wepesi mkubwa, kwa sababu Makka iko karibu kabisa juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini pamoja nao. Kilwa iko kwenye nyuzi 39.5 mashariki, na Makka 39.8; kutoka Kilwa, kibla na kaskazini halisi havipishani hata uzi mmoja. Lamu huelekea magharibi kidogo ya kaskazini, Unguja mashariki kidogo, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la kamba iliyolegea. Mwenye kujua kaskazini alijua kibla, na wanajimu wa Kiislamu walijua kuipata kaskazini kwa kijiti na kivuli: huwekwa alama kivuli cha asubuhi kinapogusa duara, huwekwa alama kinapoigusa tena alasiri, na mstari ugawao nafasi hiyo nusu kwa nusu ndio wa kaskazini na kusini.

Boriti ilifuata hata ndani ya msikiti. Ukumbi wa sala mpana hauwezi kuezekwa kwa miti mifupi ila kwa kusimamisha nguzo katikati, na katika misikiti mingi ya kale ya mwambao safu ya nguzo imesimama katikati hasa, ikielekea mihirabu na kuificha kwa macho ya waliosimama nyuma. Mgeni huona kwamba ni kosa la mchoraji. Peter Garlake, aliyesomea usanifu wa majengo na ambaye mwaka 1966 alitoa kitabu cha ramani za majengo haya alizozipima mwenyewe, ametuwezesha kuilinganisha misikiti hiyo mmoja mmoja, na ukiilinganisha utaona jinsi urefu wa mti ulivyotawala.

Waliojaribu kuuvunja utawala huo ni watu wa Kilwa. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita mikononi mwao, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, alikuwa na mali ya kujaribia. Yeye ndiye aliyejenga Husuni Kubwa juu ya genge la bahari, kasri yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, ambalo Neville Chittick alilifukua katika miaka ya 1960. Na ni yeye aliyeuongezea Msikiti Mkuu ukumbi mpana kuliko wote uliokuwa umepata kujengwa katika mwambao huu hadi zama zake. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri, na hata hivyo akaandika kwamba majengo yake ni ya miti. Wengi wameona tatizo hapo. Mimi sioni: watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za miti na udongo, kama walivyoishi watu wa Shanga, na mgeni aliuandika mji alivyouona, si kasri peke yake.

Katika ukumbi ule mpya mafundi walisimamisha nguzo za jiwe moja, kila moja imechongwa katika tumbawe zima. Ni nguzo nzuri kwa macho, lakini jiwe lenye matundu, tena refu na jembamba, halikustahiki kubebeshwa paa zito namna ile, na ukumbi uliporomoka. Ulikaa gofu kwa miaka mingi mpaka zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Hao walioujenga upya ndio ninaowaheshimu kuliko wote katika habari hii, kwa sababu hawakurudi nyuma kwenye boriti fupi, wala hawakurudia kosa la waliotangulia. Waliziacha nguzo za jiwe moja, wakajenga nguzo nene za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa. Na juu yake, katika nafasi 30 za paa, wakaweka kuba na matao. Tao halina sehemu ivutwayo likisimama vizuri: kila jiwe humbana mwenziwe na uzito hushuka kwa kubanwa mpaka msingini, jambo ambalo jiwe hulipenda. Lakini tao husukuma nje, kwa hiyo hudai jirani: kuba husukumana na kuba, nguzo ya kati husukumwa kutoka pande zote ikabaki wima, na msukumo wa mwisho hupokewa na ukuta mnene wa nje. Mtu asimamaye leo chini ya kuba zilizosalia hutazama hesabu iliyofanywa kwa mikono, na imefanywa sawasawa.

Wareno walipojenga ngome yao ya Mombasa kuanzia mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, walileta umbo la Ulaya, lakini jiwe na chokaa vilikuwa vya hapa hapa, na sehemu ya ngome ni mwamba wenyewe uliochongwa. Mabadiliko ya kweli yalikuja Unguja, Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na kuizungushia roshani juu ya nguzo za chuma cha kusubu. Chuma hustahimili kubanwa kuliko tumbawe kwa kadiri isiyolinganika, na nguzo nyembamba za aina hiyo zilipanda ghorofa juu ya ghorofa pasipo mwashi kuongeza unene. Jumba lilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896 na likasimama. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ilianguka, na mafundi wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Saruji ilipofika ilionekana kama chokaa isiyohitaji subira. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitoa mwaka 1954, na cha Wazo, nje ya Dar es Salaam, mwaka 1966, vyote viwili vikichimba mawe ya matumbawe ya kale, yaani ndugu wa jiwe lililoijenga Kilwa, na kuyachoma pamoja na udongo kwa moto wa nyuzi 1450 hivi. Saruji hushikana kwa maji, hushikana upesi, na ikitiwa nondo za chuma, zinazobeba mvuto ambao jiwe haliuwezi, huvuka upana ambao hakuna boriti iliyopata kuota. Sina neno juu yake mahali pake. Nina neno, tena zito, juu ya kuipaka kwenye kuta za kale. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukipakwa saruji ngumu, unyevu hufungiwa ndani na chumvi huvimba nyuma ya lipu, miisho ya boriti iliyozama ukutani huoza bila kuonekana, na mwenye nyumba, aliyedhani ameitia nguvu, hushangaa dari inapoinama. Nimeona hayo katika nyumba zaidi ya moja, na kila mara niliambiwa kwamba chokaa ni mali ya zamani.

Katika kuyahifadhi magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, chokaa ilirudishwa mikononi mwa waashi. Nayo haina haraka. Huivuta hewa kutoka nje kwenda ndani, uso ukitangulia, na kadiri ukuta ulivyo mnene ndivyo safari ilivyo ndefu, hata inawezekana kwamba katika kiini cha kuta za al-Malik al-Adil, mahali ambapo pumzi ya bahari haijafika bado, iko chokaa iliyotiwa na mafundi wake ambayo hata leo haijamaliza kuwa jiwe.