Chakula na Ngozi katika Historia ya Kasongo

1. Utangulizi

Uhusiano wa chakula na afya ya ngozi ni suala ambalo kwa kawaida huachiwa matabibu. Hata hivyo lina historia yake, na historia hiyo haitenganishiki na ile ya kilimo, ya utawala na ya lugha. Makala haya yanalitazama katika eneo la Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Yanakusudia kuonyesha kwamba kuchanganya ukurutu na unyafuzi si kosa la istilahi tu, bali ni kosa linaloweza kugharimu uhai wa mtoto.

Ukurutu, ambao baadhi ya matabibu huuita pumu ya ngozi, ni ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha na kuvimba. Aghalabu hurithiwa, na chakula huuchochea kwa baadhi tu ya wagonjwa. Unyafuzi ni utapiamlo mkali: miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, na ngozi huwa nyeusi kwa mabaka kisha hubambuka mfano wa rangi ya ukuta wa zamani. Kwa macho ya haraka, yote mawili ni "ngozi mbaya".

2. Mpunga, pamba na muhogo

Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Pamoja na wangwana ulistawi mpunga, nao ukazunguka mji pamoja na mahindi, miwa na miti ya matunda. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dhanis lililouteka mji mwezi Aprili 1893, aliyastaajabia mashamba hayo katika kitabu chake cha mwaka 1897. Lakini shibe hiyo haikuwa ya wote. Ilisimama juu ya kazi ya watumwa, na vijiji vingi vilivyolisha misafara viliachwa na maghala matupu.

Utawala wa Kibelgiji ulileta shuruti ya namna nyingine. Kuanzia mwaka 1917 sheria ya mazao ya lazima iliwatwika wanavijiji wajibu wa kulima kwa ajili ya soko, na katika Maniema mazao hayo yalikuwa hasa pamba na mpunga. Siku zilizotumika katika pamba zilipunguzwa katika shamba la nyumbani. Muhogo ulifaa hali hiyo, kwa kuwa huvumilia ardhi iliyochoka, haudai palizi nyingi na husubiri ardhini mpaka uhitajiwe.

Muhogo hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili. Gramu 100 za mzizi mbichi hazina protini zaidi ya gramu 1 au 2. Majani yake, yaani sombe, yana protini mara kadhaa zaidi ya hiyo, na mafuta mekundu ya mawese yanayoyaungia yana asili ya vitamini A kwa wingi. Kwa hiyo mlo wa ugali, sombe ya mawese na samaki, maharagwe au karanga ni mlo wa maana. Balaa huanza pale kitoweo kinapopungua na ugali ukabaki peke yake, hasa kwa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

3. Ngozi na majina ya maradhi

Mwaka 1933 ulikuwa wa pekee katika elimu hii. Nchini Uganda, Loewenthal alieleza hali ya wafungwa ambao ngozi yao ilikauka na kutoka vijipele vigumu kwa ukosefu wa vitamini A, wakapata nafuu kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka huohuo Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alichapisha habari za watoto waliolishwa uji wa mahindi, wakavimba na kubambuka ngozi. Stannus, aliyepata kuwa tabibu katika Nyasaland, alimpinga mwaka 1934 akidai kwamba hiyo ni pelagra tu. Williams alijibu mwaka 1935 kwa kulichukua jina lililotumiwa na Waga wenyewe: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Daktari alitazama ngozi akataja ugonjwa wa ngozi, ilhali wazazi walitaja chanzo: mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Huko Kwango, magharibi mwa Kongo, jina mbuaki lilitokana na wekundu wa mwili na nywele. Katika Kivu, watu wengi husema bwaki. Majina hayo mawili ya Kongo yanahifadhi dalili, lile la Waga linahifadhi sababu, na tiba huhitaji yote mawili.

4. Mradi wa Kasongo

Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilishirikiana na watumishi wa afya wa Kasongo katika mradi uliopata sifa duniani. Mwaka 1981 kundi hilo lilichapisha uchunguzi kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto. Mwaka 1983 likatoa uchunguzi mwingine kuhusu vipimo vya mwili, likaonyesha kwamba vipimo hivyo vilikuwa na uwezo mdogo wa kutabiri ni mtoto yupi angefariki. Mizani, basi, haitoshi. Tena mtoto mwenye unyafuzi huweza kuonekana mzito kwa sababu ya maji yaliyomo mwilini. Mkono unaobonyeza mguu na jicho linalokagua ngozi bado vina kazi yao.

5. Hatari ya kukataza chakula

Mafundisho ya kwamba ukurutu huponywa kwa kuacha maziwa, mayai, samaki na karanga yameenea. Matokeo yake yalionekana mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2001, katika jimbo la Georgia, Marekani, madaktari walieleza habari za mtoto mwenye ukurutu wa muda mrefu ambaye, kwa kudhaniwa kuwa hapatani na maziwa, alinyweshwa kinywaji cha mchele. Akapata unyafuzi mkali katika nchi yenye chakula tele.

Ikiwa hayo yalitokea huko, itakuwaje Kabambare, ambako samaki mmoja hugawiwa watu wengi? Elimu ya karibuni nayo imegeuza mawazo. Uchunguzi uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015 ulihusu watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Wale waliolishwa karanga mapema, kwa namna isiyowapalia, walipata mzio wa karanga kwa kiasi kilichopungua takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Hii haina maana kwamba mzio haupo: mtoto anayevimba midomo au kutapika mara tu baada ya kula chakula fulani asipewe tena chakula hicho mpaka apimwe.

6. Hitimisho

Historia ya Kasongo inafundisha kwamba upungufu wa kitoweo haukutokana na ujinga wa akina mama. Ulitokana na utumwa, na pamba ya lazima, na baadaye na vita vya kuanzia mwaka 1996 vilivyowatoa watu mashambani. Kwa hiyo ushauri wowote kuhusu ngozi uanze na kuuliza kilichopungua sahanini kabla ya kuamuru kilichomo kiondolewe. Ukurutu hutaka mafuta ya kulainisha ngozi na dawa yake. Unyafuzi hutaka chakula na hospitali bila kuchelewa. Anayefundisha afya kwa Kiswahili hana budi kuyatenga maneno haya mawili, kwani palipo na jina moja kwa maradhi mawili, mmoja wa wagonjwa atapewa dawa isiyo yake.