Mgongo wa Probox

Ukiona Probox tupu ikipanda kutoka Daraja Mbili, nyuma imeinuka kama jogoo anayetafuta vita, usidhani ni urembo. Hiyo ni historia ya usafiri wa Gusii, ukijua kuisoma.

Kabla yake kulikuwa na Peugeot, 404 kisha 504, zilizobeba abiria wa safari ndefu magharibi mwa Kenya. 404 ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Siri yake moja ilikuwa springi laini zenye nafasi kubwa ya kubonyea, na shoki za kuzituliza. Gari inameza shimo, tairi inabaki chini, mgongo wako unapona.

Probox ilizaliwa Japani mwaka 2002 kwa kazi nyingine kabisa: kusambaza bidhaa za makampuni kwenye lami safi. Ina uzito wa takriban tani moja. Ile ya mizigo iliruhusiwa kubeba kilo 400, tena ikiwa na watu wawili tu ndani. Ilipofika kwetu ikiwa mtumba, ngumu na rahisi kutengeneza, vilima vya Kisii na Nyamira vikaichukua. Sasa piga hesabu: watu kumi wa kilo 65 ni kilo 650, na bado hatujapakia ndizi.

Springi za kiwandani zikalala chini kabisa. Fundi wa jua kali akajibu kwa akili: springi nzito zaidi, au kipande cha kuziinua. Kwa gari iliyojaa, dawa ilifanya kazi. Lakini ikiwa tupu, inarukaruka kama mbuzi. Springi ngumu inahitaji shoki za kulingana nayo. Zikiachwa zilezile, tairi za nyuma hushindwa kushika barabara kwenye kona, na mvua ya Kisii haibishi hodi.

Shida kubwa zaidi iko kwingine. Springi zimeongezwa nguvu, breki zimebaki zilezile. Na ule mgongo uliokuwa ukiinama ndio ulikuwa onyo pekee ambalo abiria angeliona kwa macho. Fundi alipounyoosha, mzigo haukupungua hata kilo moja. Ulifichwa tu.

Kwa hiyo ukifika stendi, usiangalie gari imesimama vipi. Hesabu vichwa.